Mwandishi wa Tatu Alijibu Saa Sita Mchana

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mbele kuna mahali pa kunyamaza. Hadithi hii inaanza na aibu, kwa kuwa aibu ndiyo mlango anaopitia Dakta Ambilikile kila anapoingia mahali.

Alikuwa amemwandikia barua mhariri wa jarida kubwa la sayansi ya siasa, barua ya kusindikiza mswada. Barua ilinyooka kama suruali ya mgeni rasmi. Ilisema tangu ujana wake hajaona jarida lenye hoja nzito kama hilo, na kwamba mengine hayalifikii hata kwenye kifundo cha mguu. Akabonyeza, ikaenda. Jibu lilimkuta chai haijapoa: "Tunakubaliana nawe kuwa jarida ulilolitaja ni zuri sana. Tafadhali wapelekee wao." Alikuwa amelisifu jarida jingine, kwa jina, mara nne.

Huyo ndiye mtu aliyefundisha katika nchi tano na kupotelea katika viwanja saba vya ndege. Mwenzake, Bi Mwasiti, aliyezoea kumwita Mwaisa kwa utani, alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akamwambia achukue mswada aupeleke huko huko alikokusifu, na safari hii asome bahasha.

Mswada ulikuwa wa watu watatu, wote wa chuo kimoja kule nyanda za juu ambako ukungu huingia darasani kabla ya wanafunzi. Mligo alipewa masikio. Bi Mwasiti, mtu wa Pangani aliyezoea baridi kwa kuitukana, alipewa hesabu. Ambilikile alipewa mkono wa kuandika, na kama mlivyosikia, hakupewa zaidi ya hapo.

Mligo alizunguka vijiji kumi na kimoja vya wakulima wa pareto, wanachama wa Ushirika wa Idunda. Alifuata jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Kwenye mikutano ya uchaguzi, jina la mwanachama aliyefariki likiitwa, mtu wa nyumba yake husimama akaitika, "Yupo," na kura ya marehemu huhesabiwa. Waliotangulia kuuliza waliambiwa hakuna kitu kama hicho. Mligo hakuuliza. Alikaa jikoni akamenya viazi nao, na kwa ridhaa yao aliacha kinasa sauti kiendelee hata baada ya kushukuru, kwani, alikuwa akisema, watu husema kweli wakishaaga. Alirudi na sauti za watu mia mbili na sita. Mvua za mwaka ule zikamshika kifua, na kabla ya Pasaka alizikwa Idunda. Bila masikio yake pasingekuwa na neno la kuandika.

Bi Mwasiti alichukua madaftari ya uchaguzi ya miaka thelathini, mengine yameliwa na panya pembeni, akahesabu jina kwa jina. Akakuta vijiji vilivyowaacha marehemu daftarini vilibadilisha viongozi karibu kila uchaguzi, na vilivyowafuta viliongozwa na watu walewale miaka ishirini. Hakuamini. Alirudia kwa njia tatu tofauti, akilitafuta kosa kama mtu anavyotafuta funguo, na kosa halikuwepo. Pembeni ya karatasi akaandika kwa penseli: "Mfu hahongeki." Bila hesabu yake sauti zile zingebaki umbea mtamu.

Ambilikile alijifungia na sauti hizo, akaandika mswada mara tisa. Alifuta majina yao yote ndani yake, maana wahakiki hawatakiwi kujua nani kaandika, wala mwandishi kujua nani anamhakiki. Mhakiki wa kwanza akasema makala ni fupi mno. Wa pili akasema ni ndefu mno. Akawaridhisha wote wawili, kwa njia ambayo hata yeye hawezi kuieleza. Bila mkono wake kazi ingelala kabatini.

Lakini kuna kitu hakumwambia mtu. Mwisho wa kila mazungumzo, watu wakishanyamaza, kinasa sauti kilibaki na pumzi za Mligo, taratibu, za mtu anayesubiri. Asubuhi moja Ambilikile alizuia pumzi ili asikie vizuri. Ndani ya kinasa sauti namo mkawa kimya. Alipoziachia zake, na zile zikaachiwa. Alijaribu tena, mara mbili. Kisha akatoka nje akasimama kwenye ukungu pamoja na watu wa usafi, akawauliza habari za watoto wao, hata wa yule asiye na watoto.

Jarida likakubali mswada. Ikabaki fomu ya mwisho: majina ya waandishi, kwa mpangilio watakaochapwa nao.

Hapo ndipo penye mfupa. Mkataba wa Ambilikile ulikuwa unaisha Juni, na kamati ya vyeo ilikuwa imemwandikia waziwazi: makala moja zaidi ambayo jina lake limetangulia, au afungashe vitabu. Bi Mwasiti naye alikuwa amekalia cheo kimoja miaka kumi na miwili, jina lake likiwa la pili kila lilipochapwa, kama bibi harusi msaidizi. Na Mligo, aliyeitwa mtafiti msaidizi hadi anaingia kaburini, jina lake halikuwahi kuchapwa popote isipokuwa kwenye tangazo la msiba.

Ambilikile akajaza: Ambilikile, Mwasiti, Mligo. Fomu ikadai anwani ya barua pepe ya kila mwandishi. Hakuona mahali pa kuandika kwamba mtu amefariki, na kisanduku kilikataa kuachwa wazi. Basi akaandika ile anwani ya zamani ya Mligo, akijiambia barua itakwenda kufa huko iendako.

Utaratibu wa jarida ulikuwa kumwandikia kila mwandishi mwenyewe, athibitishe kwamba ni kazi yake na anakubali mpangilio. Ambilikile alithibitisha palepale. Bi Mwasiti alithibitisha kesho yake, bila maneno. Siku ya tatu, saa sita mchana, wawili hao wakiwa ofisini na ukungu umeziba dirisha kama shuka, barua iliingia. Ilisema waandishi wote watatu wamejibu.

Bi Mwasiti aliisoma akiwa amesimama. Chini kulikuwa na majibu ya mwandishi wa tatu.

Je, hii ni kazi yako? Ndiyo.

Mchango wako ulikuwa upi? Nilisikiliza. Bado nasikiliza.

Unakubali mpangilio wa majina? Hapana.

Ambilikile alisikia pumzi zake mwenyewe, akaziheshimu, akaogopa kuzizuia. Hatimaye Bi Mwasiti aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu mwingine chuoni mwenye neno la siri la Mligo. Hakuwepo. Anwani ile ilikuwa kwenye simu yake, na simu alibaki nayo mjane wake.

Ambilikile akamwandikia mhariri, akaeleza kwa adabu zote kwamba mwandishi wa tatu ni marehemu, hivyo jibu lake lipuuzwe. Jibu la mhariri halikuwa na salamu: "Pole kwa msiba. Tunachapisha waandishi waliokufa. Hatuchapishi waandishi wasiokubaliana. Tunangoja mpangilio mpya, na sababu zake, hadi Ijumaa."

Jumatano wakaenda Idunda. Mama Vumilia, mjane wa Mligo, aliwapokea kwa chai na mahindi ya kuchemsha, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu imefungwa kwenye kitenge. Ilizimwa siku ya mazishi. Haikuwa na betri, kwani betri alimpa shemeji yake mwezi uleule. Ambilikile aliifungua nyuma akatazama pale penye uwazi, akaifunga, akaifungua tena.

"Mmetoka huko kote kuja kuuliza nani alifungua simu," Mama Vumilia alisema. "Mbona hamuulizi kwa nini amekataa?"

"Kwa nini, mama?" Ambilikile akauliza.

"Mimi sijui. Niliishi naye miaka kumi na tisa. Hajawahi kugombania kitu chake hata siku moja. Sahani ikiwa na nyama mbili alikuwa anaisukuma. Lakini mtu mwingine akipunjwa mbele yake, hapo alikuwa hapati usingizi."

Ndugu zangu, maneno hayo hayakufungua fundo, yaliongeza jingine. Kama Mligo alikataa kwa ajili yake mwenyewe, basi mtu aliyesukuma sahani maisha yake yote ameomba mara moja tu, na ameomba akiwa mahali ambapo si vizuri kumnyima mtu. Kama alikataa kwa ajili ya Bi Mwasiti, basi marehemu ameona kile ambacho walio hai walikiruka miaka kumi na miwili. Na kama alikataa kwa sababu tu hakuulizwa, basi hata yule wa kwanza anaweza kurudi kuwa wa kwanza, ilimradi Mligo aulizwe.

Ijumaa asubuhi fomu ilikuwa wazi mbele yao, visanduku vitatu vitupu, cha juu kikiwa kimoja tu. Nje hapakuonekana hata mti. Hakuna masikio, hakuna sauti. Hakuna hesabu, hakuna maana. Hakuna mkono, hakuna mswada. Jina la nani litangulie? La mwenye kazi ya kupoteza, la mwenye haki ya miaka, au la aliyesema hapana kutoka kusikokuwa na betri? Wewe unayesikiliza, ungeandika lipi, na sababu zako ungewaelezaje wale wengine wawili? Semeni sasa, kabla Bi Mwasiti hajafungua kinywa.

Maana Ambilikile alikuwa amechoka, na alipochoka alijitetea. Alimkumbusha kwamba marehemu kakataa, sawa, lakini yeye Bi Mwasiti, mzima wa afya, alisoma mpangilio uleule kwa macho yake na akabonyeza ndiyo.

Bi Mwasiti aliivuta kanga yake mabegani.

"Ile 'ndiyo' niliupa mkataba wako, Mwaisa. Kuhusu makala hukuniuliza."