Bahasha ya Dada Anjelina

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mwenye kifafa. Mwanamke aliitwa Mwanahawa, mtoto Chiku, wa miaka sita. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni vilitosha kumfanya Chiku acheze na wenzake. Mwaka mmoja dawa hiyo ikaadimika. Zahanati ikabaki na rafu tupu, na Mwanahawa akabakiwa na vidonge vinne.

Mjini palikuwa na maduka mawili ya dawa. La kwanza lilikuwa la Mzee Kibwana, mtu wa uso mkavu, asiyejua kumwambia mgonjwa pole. Mwanahawa alipoingia na mtoto, hata kiti hakumpa. Alisema dawa hakuna, mwezi wa pili sasa haijaletwa, ila hospitali ya misheni ng'ambo ya bonde wanayo. Akiondoka saa ile atafika kabla ya magharibi. Kisha akageukia kazi zake. Mwanahawa akatoka na machozi, akimwombea mzee yule naye auguliwe.

La pili lilikuwa la Dada Anjelina. Huyu alimvutia benchi, akampa Chiku maji, akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga yake mwenyewe. Akasikiliza yote. Dawa ile kwake pia ilikuwa imekwisha. Lakini chini ya kaunta alikuwa na mfuko wa vidonge alioletewa na msafiri mmoja. Havikuwa na boksi wala jina la aliyevitengeneza, na wakaguzi wa dawa hawakuwahi kuviona. Msafiri alisema ni vya kifafa, basi. Anjelina akaitazama miguu ya mama yule, imepasuka, akaona huruma. Akahesabu vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki, kama wafanyavyo wauza dawa wote, akaandika kwa mwandiko mzuri: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwanahawa hakuuona mfuko. Aliiona bahasha, akamwombea Anjelina dua njia nzima.

Siku ya tano Chiku alishikwa na kifafa chake, akaangukia mafiga, uji ukiwa motoni. Hakufa. Lakini mkono wa kulia ulikunjamana, na jicho moja halikuona tena.

Anjelina alikuwa wa kwanza kufika, na mchele na mafuta. Alilia kuliko ndugu. Akakiri habari za ule mfuko, akasema hakuwa na moyo wa kumwacha mama mwenzake aondoke mikono mitupu. Wanawake waliokaa mkekani wakambembeleza anyamaze, ya Mungu mengi. Mmoja akasema afadhali yeye alitoa, kuliko Kibwana, ambaye hata pole ameshindwa kuja kuisema.

Mwanahawa alikuwa akimlisha Chiku kwa kijiko. Akasema bila kuinua uso:

"Dada Anjelina, miguu nilikuwa nayo. Na wewe ungeniambia hakuna, ningetembea."

Mwaka haukwisha, duka la Kibwana likafungwa kwa kukosa wateja. La Anjelina lina foleni hadi barabarani, na watu humsifu kwamba kwake hakuna anayerudi bure.

Ninyi mnaosikia, niambieni: kati ya wawili hawa, ni nani aliyemnyima mtoto dawa?