Maziwa ya Jioni

Fundi seremala mmoja wa Tukuyu, jina lake Ambakisye, alikuwa na mke, watoto wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo alikamwa mara mbili kwa siku. Maziwa ya asubuhi yaliuzwa, na nyumba ikapata chumvi, sabuni na madaftari ya shule. Maziwa ya jioni hayakuuzwa. Ilikuwa desturi aliyoikuta kwa baba yake, naye baba aliikuta kwa babu: ya asubuhi ni ya soko, ya jioni ni ya watoto. Mkubwa, Lusajo, aliyanywa hivyo mpaka akafika miaka tisa, na miguu yake ilikuwa mirefu kama ya baba yake. Mdogo, Tusekile, alikuwa na miaka mitano na kikombe chake mwenyewe cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni.

Mwaka huo ndugu mmoja wa ukoo anayefanya kazi ng'ambo alikuja likizo. Aliwaonyesha watoto kwenye simu picha za mji wa michezo wa huko anakoishi, na gari moja la reli linalopanda juu hewani kisha likaporomoka, watu wamo ndani wanacheka kwa woga. Tusekile aliitazama picha ya gari lile mpaka simu ikazima. Akamwambia baba yake anataka kulipanda. Ambakisye alikuwa mtu wa neno moja, na aliwapenda wanawe. Akasema watakwenda wote wanne.

Alikwenda Mbeya kwa wakala wa safari, akarudi na karatasi ya gharama na kalenda kubwa yenye picha ya mji ule. Karatasi ilisema pia kwamba mtoto asiyefika sentimita mia moja na ishirini hapandi gari lile, kwa usalama wake mwenyewe. Ambakisye akatoa futi yake ya kazi, akamsimamisha binti ukutani karibu na mlango wa sebule. Alikuwa na mia moja na tano. Akapima juu zaidi, akakwaruza alama kwa ncha ya patasi, akamwambia, "Ukifika hapa, tunaondoka." Kwa kipato chake fedha zingetimia baada ya miaka minne, na mtoto wa miaka mitano akipewa miaka minne huipita alama ile bila shida. Siku hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Kisha akaitundika kalenda hapohapo karibu na mlango, ili kila anayeingia aione, na kalenda ikaifunika alama.

Msikimbilie kumlaani mtu huyu. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na nyumba ndogo. Alinunua daftari na kuandika kila kitu: nauli, viza, hoteli, kiingilio, chakula cha siku sita, hata kofia zenye masikio ambazo watoto waliziona kwenye picha. Hakuna fundi mjini aliyepanga jambo vizuri kuliko yeye. Na alianza kujibana mwenyewe, kama inavyompasa baba. Aliacha soda ya mchana kazini. Aliacha sukari kwenye chai. Viatu vyake alivishona mara tatu.

Lakini karatasi ilitaka zaidi, na mtu mzima mmoja hana vitu vingi vya kuacha. Nyama ya Jumapili ikawa ya mwisho wa mwezi, kisha ikawa ya Krismasi na Pasaka. Mayai yakaanza kwenda dukani. Kila alipoandika kiasi kipya kwenye daftari alisema haba na haba hujaza kibaba. Methali ni ya kweli, ila haisemi haba hiyo inachotwa kwenye chungu gani.

Mwaka wa pili alimwambia mkewe kwamba mnunuzi wa maziwa yuko tayari kupita na jioni.

Mkewe alikuwa anaosha kikombe cha bluu. "Baba Lusajo," akasema, "haya ya jioni tusiyaguse."

"Si ni ya huyohuyo mtoto, Mama Lusajo? Bado ni yake. Tunamtunzia tu."

Mwanamke akanyamaza. Nami namlaumu kwa hilo, ingawa najua nyumba nyingi ambamo kunyamaza ndiko kunakoitwa heshima. Tangu siku hiyo kikombe cha bluu kilitiwa chai ya rangi. Tusekile hakulia. Alielezwa kwamba maziwa yake yanageuka kuwa safari, akaona ni jambo kubwa, akawasimulia wenzake shuleni.

Mwaka wa tatu ulikuja na dalili zake. Mwalimu alimhamishia Tusekile dawati la mbele, kwa sababu nyuma vichwa vya wenzake vilimzuia kuona ubao. Ilipokaribia Krismasi, mama yake alifungua sanduku akatoa gauni la mwaka juzi, akamvisha, kisha akamwita mumewe aje aangalie.

"Bado linamkaa," akasema.

Akasimama akisubiri. Alikuwa amesema yote aliyoweza kusema. Ambakisye aliangalia gauni, akaona mikono inafika mahali pake na pindo liko mahali pake. Akalichukua daftari, akapiga mstari palipoandikwa gauni la Tusekile, akaandika pembeni kiasi kilichookolewa. "Mungu anatusaidia," akasema. Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya mtoto, na sehemu hii ndiyo iliyonikasirisha kuliko zote, maana mtu yule alishika futi kila siku ya kazi. Alipima milango ya watu, vitanda vya watu na meza za shule. Mwanawe alimpima mara moja tu, akatundika picha juu ya kipimo, kisha kwa miaka minne akaiangalia picha.

Mwaka wa nne nauli ilipanda. Mwezi mmoja kabla ya safari fedha zilipungua kidogo, na Ambakisye akamuuza ng'ombe kwa mtu wa Kiwira. Watoto walikuwa shuleni alipofungwa kamba na kuondolewa. Walipouliza, waliambiwa amepelekwa kwa dume. Jioni hiyo Ambakisye alijumlisha daftari, na kwa mara ya kwanza hesabu ya chini ikalingana na hesabu ya karatasi. Akaliweka daftari juu ya kabati. Nadhani alikuwa na furaha, na sitaki kumnyima furaha ya siku ile.

Wakaenda. Kila kitu kilichoandikwa kilikuwapo: ndege, hoteli, kiingilio, kofia zenye masikio. Asubuhi ya kwanza Tusekile hakutaka kuangalia mchezo mwingine wowote. Walisimama kwenye foleni ya gari lile saa nzima na nusu, akiwa amevaa gauni lile lile, ameshika mkono wa baba yake. Mwanzoni mwa ngazi palikuwa na sanamu ya dubu amenyoosha mkono, na kijana wa kazi alimwelekeza kila mtoto apite chini ya mkono huo. Lusajo alilazimika kuinama. Tusekile alipita amesimama wima, na mkono wa dubu haukugusa hata kofia yake. Kijana akamwambia avue kofia, akamrudisha apite tena. Kisha akatikisa kichwa.

Ambakisye alidhani sanamu ina kosa. Mfukoni alikuwa na futi yake, maana fundi haiachi hata akienda msibani. Akamsimamisha binti yake kwenye nguzo mbele za watu wa mataifa yote, akampima. Mia moja kumi na saba. Akapima tena polepole, kama mtu anayetaka kukata ubao wa mninga wa bei kubwa. Mia moja kumi na saba. Watu wa nyuma walianza kunung'unika, na mkewe alikuwa ameugeukia uzio, hataki kuangalia futi.

Lusajo alipanda peke yake, kwa kuwa tiketi ilikuwa imelipiwa. Wengine watatu walikaa kwenye benchi chini, wakaliangalia gari likipanda. Tusekile alilifuata kwa macho hadi juu kabisa, akaliona likiporomoka, akasikia kelele za waliomo. Hakununa. Aliweka kofia magotini akaitengeneza masikio. Kisha akamshika baba yake bega, kama anayemfariji mtu mzima aliyefiwa, akamwambia:

"Baba, usijali. Tukirudi nyumbani nitakunywa maziwa ya jioni kila siku, na mwaka kesho nitafika."

 Ambakisye aliikunja futi, akairudisha mfukoni. Mama Lusajo akainuka akaenda kusimama mbali kidogo, na alipokuwa anakwenda alikuwa analia waziwazi, mbele za wageni.

Mimi naishia hapo kwenye benchi. Sitawaambia kwamba alirudi akanunua ng'ombe mwingine, maana fedha ziliishia kwenye kofia, na miaka ya mtoto hainunuliki kwa mtu wa Kiwira wala kwa mtu mwingine yeyote. Ninyi mnaonisikiliza ni watu wema, kama yeye. Kila mmoja wenu ana kalenda yake ukutani: mwingine picha yake ni nyumba ya ghorofa, mwingine ni harusi itakayosemwa mwaka mzima, mwingine ni mtoto wake akisoma nchi za watu. Nami sisemi mzishushe. Nawauliza jambo moja tu, na mjibu mkiwa nyumbani, mkiwa mmewasimamisha watoto wenu ukutani: nauli ya safari yenu inatoka kwenye kikombe cha nani?