Mguu wa Eliamini

Hapo zamani, mwaka ule lami ilipofika Mringeni, palikuwa na dereva wa pikapu aitwaye Eliamini. Kabla ya lami alikuwa mtu kama watu. Lami ilipofika, akawa na mguu. Kila penye watu aliusifu, eti hufika kwenye breki kabla jicho halijamaliza kuona. Watu walicheka, naye akadhani wanakubali.

Siku moja alikwenda kwa fundi Mbonea kuchukua gari, amrudishe mama mkwe wake bondeni. Mbonea akakataa kutoa ufunguo. Alisema breki zimelika, gari halitoki mpaka azibadilishe. Eliamini akanung'unika kwamba mwenye mguu kama wake hana haja ya breki mpya. Mbonea akazibadilisha kimya kimya. Hakutaja kwamba zile zilizolika zilikuwa za bandia, na kwamba alizifunga yeye miezi mitatu nyuma.

Wakaondoka. Mama mkwe, Mama Nakijwa, alikaa mbele amepakata trei mbili za mayai. Mshale wa mwendo ulipogusa themanini, akasema apunguze. Eliamini akapunguza, kisha akaongeza. Akaambiwa tena apunguze. Mwingine angejibiwa, lakini mkwe hajibiwi. Akashuka hadi hamsini, amevimba kama andazi, akiona hata wenye baiskeli wanamcheka.

Kituoni palisimama basi. Eliamini akageuza shingo kuwapungia watu wa gengeni, wamwone. Aliporudisha macho, mkunga Navoneiwa, aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji, alikuwa amechomoza mbele ya basi na kapu kichwani, yuko katikati ya njia.

Mguu uliosifiwa ukabaki palepale kwenye mafuta. Ukabaki muda wa mtu kusema "mama yangu wee." Ndipo ukahama. Matairi yakalia, mayai yakaruka, gari likasimama likibakiza mkono mmoja tu kufikia tumbo la mkunga.

Mume wa mkunga, Mzee Sefania, akaleta mtamba wa kumpa aliyemwokoa mkewe. Mmoja tu, alisema, maana mtamba hai hagawanywi.

"Mguu ni wangu," akasema Eliamini.

"Na breki ni zangu," akasema Mbonea, aliyefika mbio kutoka gereji. "Kwa zile zilizolika ungekanyaga hewa."

Mama Nakijwa akajifuta ute wa yai shavuni. "Mkwe wangu, kwa ile themanini yako, saa hizi tungekuwa tunachimba kaburi."

Akaitwa Mwalimu Senkondo wa fizikia, akapima barabara kwa kamba. Akaeleza kwamba kwa mwendo wa hamsini, gari lilikwenda sekunde moja, mita kumi na nne, kabla mguu haujagusa breki, kisha karibu nyingine kama hizo likijiburuta. Kwa themanini, mita ishirini na mbili zingekwisha dereva bado anashangaa.

Eliamini akabisha kwamba mguu wake hauchelewi sekunde nzima. Mwalimu akaning'iniza rula kati ya vidole vya Eliamini, akamwambia aidake ikiachiwa. Ikaanguka vumbini. Mara ya pili, vumbini. Mara ya tatu Eliamini akafunga vidole mapema, rula ingali mkononi mwa mwalimu.

Watu wakacheka, na safari hii akakisikia kicheko kilivyo. Kilimchoma. Akasema, "Haya, mguu ulichelewa. Lakini mwingine aliyekanyaga ni nani?"

Akamgeukia mama mkwe, akamuuliza kwa adabu kama alipomwambia apunguze alimfikiria mkunga. Mama Nakijwa hakuwa mwongo. Alisema alifikiria mayai.

Mzee Sefania akamuuliza fundi kwa nini alishikilia ufunguo. Mbonea akatazama chini. Akakiri kwamba breki mbovu alizifunga mwenyewe, akaogopa zikiua jina lake litatajwa.

Basi Mzee Sefania akabaki na kamba ya mtamba mkononi, na mkewe yuko hai pembeni yake. Mbele yake wamesimama mwenye mguu uliochelewa, fundi aliyejiogopa na mama aliyehurumia mayai. Angekosekana mmoja wao, mkunga angezikwa.

Nanyi mnaonisikiliza, kamba ile mngemkabidhi nani? Je, nani alistahili mtamba?