Ufunguo wa Ghorofani

"Ufunguo wa ghorofani haumfungulii aliye chini." Ndiyo, Kauzeni, hayo ndiyo maneno waliyokuambia mafundi rangi walipokuona na kufuli jipya, na sasa umekuja kuniuliza wamekucheka kwa nini. Liweke hilo kufuli mezani. Kaeni nyote watatu, vijana wangu wa majengo. Msemo huo hautoki mbali, ulizaliwa hapa hapa chuoni, na mimi nilikuwepo. Heri nisingekuwepo.

Mwaka ule chuo kilijenga njia ya mteremko nyuma ya ukumbi wa mitihani. Mbele kuna ngazi tisa, mnazijua. Kabla ya hapo wanafunzi wenye viti mwendo walikuwa wakibebwa na wenzao kama magodoro, nasi tukitazama tukisema, oneni vijana wetu wanavyopendana! Mteremko ulipokamilika akaja mgeni rasmi, utepe ukakatwa, pilau likaliwa. Haikupita wiki, mbuzi wa majirani wakapanda mteremko, wakaingia ukumbini na kutafuna mapazia. Nikatia kufuli mlango ule, ufunguo nikautundika ofisini kwangu, ofisi ya majengo, ghorofani. Ngazi ishirini na mbili.

Siku hizo funguo zilikuwa zikipotea ovyo. Mtu anamtuma rafiki, rafiki anamtuma rafiki, ufunguo unaishia Songea. Kwa hiyo niliweka kanuni: anayetumia ufunguo ndiye aje asaini daftari, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Jina, saa, ufunguo gani, na sababu ya kuuchukua. Nilisifiwa kikaoni kwa kanuni ile, na kichwa kikanivimba.

Palikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Stamili Nandonde, mtoto wa Lindi, anayetumia kiti mwendo. Asubuhi ya mtihani wake wa mwisho, ambao nusu saa ikipita tangu uanze huingii tena, alikuta kufuli. Robo saa kabla ya mtihani akamtuma mwenzake, Mkunde, aje kwangu.

"Shikamoo mzee. Naomba ufunguo wa mlango wa nyuma wa ukumbi. Ni wa Stamili, yuko chini."

"Marahaba. Mwambie aje asaini."

"Mzee, yeye hawezi kupanda ngazi."

"Binti, kanuni ni kanuni. Nikikupa wewe, kesho nitampa nani?"

Nilisema hivyo, wanangu, kwa kinywa hiki. Mkunde akashuka analia. Vijana wawili wakajitolea kumbeba Stamili wampandishe ngazi za mbele. Akakataa. Muhula uliotangulia walimbeba wakamwangusha, akavunjika mkono wa kulia, akaandika mitihani yote kwa wa kushoto. "Mimi si gunia," akawaambia, na akamhimiza Mkunde awahi mtihani wake.

Mimi nilikuwa ofisini nakunywa chai. Nikasikia kitu kikiburutwa kwenye ngazi. Kinaburutwa, kinatulia, kinaburutwa tena. Nikadhani ni vibarua wanahamisha dawati, nikapaza sauti, "Nyanyueni! Mtakwaruza sakafu!"

Kikatulia. Halafu kikaendelea.

Mlangoni pangu ukatokea mkono. Kisha kichwa. Binti yule alikuwa amepanda ngazi zote ishirini na mbili kwa viwiko, gauni limejaa vumbi, kalamu kaiuma menoni. Kikombe kikaniponyoka.  

Akaitoa kalamu kinywani. "Shikamoo mzee. Nimekuja kusaini."

Nikainama na daftari, nikaliweka sakafuni, maana mezani asingefika. Akaandika jina lake, akaandika saa. Penye sababu akaandika: *Ili nisipande ngazi.*

Niliyasoma maneno yale, nikautungua ufunguo ukutani.

"Mwanangu, nikubebe tushuke," nikasema.

"Ubebe ufunguo, mzee. Mimi nitashuka."

Nikakimbia. Nikafungua kufuli, nikamwomba msimamizi wa mtihani amsubiri. Nyuma yangu Stamili akashuka ngazi moja moja, akapanda kitini, akaja. Na mteremko, niwaambie ukweli, ulikuwa mzuri. Aliupanda kwa nusu dakika, bila kusukumwa na mtu. Kumbe ni hilo tu alilokuwa anahitaji! Saa ya ukutani ilionyesha nusu saa imepita, na dakika nne juu yake.

Msimamizi akalitazama gauni lake lenye vumbi, akanitazama mimi. "Pole sana, Mzee Lwitiko. Lakini kanuni ni kanuni."

Maneno yangu mwenyewe. Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Stamili hakulia. Alinitazama, akasema taratibu, "Mzee, ufunguo wa ghorofani haumfungulii aliye chini." Akageuza kiti, akaondoka. Wenzake walihitimu mwaka ule, yeye akarudia somo lile mwaka mzima. Mchana ule ule nililikata kufuli kwa msumeno, na chuo kikajenga uzio wa kuzuia mbuzi, kazi ya siku mbili tu, ambayo hakuna aliyeiwaza kabla, wala mimi mwenyewe.

Sasa uzio umebomoka, mbuzi wamerudi, na wewe Kauzeni umeleta kufuli. Haya, niambie, ufunguo wake ulitaka ukae wapi?

"Hapa, mzee. Ofisini."

Na hapa ni wapi?

Kauzeni aliitazama ngazi kupitia mlangoni, akalirudisha kufuli kwenye mfuko wa vifaa, akatoa nyundo na misumari ya uzio.

"Ufunguo wa ghorofani," alisema, "haumfungulii aliye chini."