Kwa Nini Dawa ya Ini Hufungwa na Jani Lake

Hapo zamani, dawa ya ini ilitolewa ikiwa imeshapondwa, na hakuna aliyejua imetoka mti gani. Aliyejua ni Nyamizi peke yake. Aliishi pembezoni mwa kijiji, hana mume wala mtoto, na waliofika kwake walikuwa wagonjwa tu. Wakipona, hawakurudi. Basi akaishikilia siri yake, kwani bila siri hiyo nani angemkumbuka?

Kila alipochimba mzizi, aliukwanyua mti majani yote, asije mtu akautambua. Miti yake ilibaki uchi porini.

Mwaka mmoja akaanza kuchoka bila kazi. Chakula kikamkinaisha, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Alijua ni nini. Alitaka kwenda kuchimba, miguu ikakataa. Siku zikapita, hakuna aliyebisha hodi, mpaka jirani yake Milembe alipokuja kuomba moto.

"Bibi, macho yamekuwa papai," alisema Milembe.

"Papai huliwa. Nenda kaniletee mzizi."

"Upi? Si hukutaka tuujue?"

Nyamizi akamweleza: jani la mviringo, linakwaruza upande wa chini. Milembe akaenda, akarudi na mzizi usio wenyewe. Akaenda tena, akarudi mikono mitupu.

"Jani hilo halipo, bibi. Kuna vijiti vitupu tu."

Nyamizi akamnyooshea mikono. "Nibebe."

Milembe akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Walipita kijiti baada ya kijiti, na kila kimoja Nyamizi alikitambua kwa alama ya mkono wake mwenyewe, nacho kimekauka hadi mzizini. Nyuma ya kichuguu wakakuta mti mmoja aliousahau. Akachuma jani, akaliweka kiganjani mwa Milembe na kumkunja vidole.

Dawa ilipochemka, Nyamizi alikuwa hamezi tena. Alizikwa na watu wachache. Aliyefuata kuugua alipewa mzizi na Milembe, na juu ya mzizi, jani.

Na tangu siku hiyo, dawa ya ini hufungwa na jani lake juu. Hata watu wa maabara wakija kupima kama mzizi unatibu ini au unaliharibu, huonyeshwa jani kwanza. Na mganga haendi kuchimba peke yake. Asiye na mtu huazima wa jirani.