Kocha Aliyesema "Yupo"

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mazimwi, maana mimi mwenyewe nilikuwepo na mwiko mkononi, palikuwa na vyuo viwili vilivyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Upande huu Chuo cha Ualimu Ikambo. Upande ule Chuo cha Kilimo. Mimi nilikuwa mpishi wa Ikambo, na kama kuna anayebisha anyooshe mkono sasa hivi, asije akanikatisha katikati.

Kila mwaka vyuo hivyo vilicheza mpira, na mshindi alipewa ng'ombe dume. Si kombe la bati. Ng'ombe, mwenye pembe na nundu. Mshindi alimchinja akamla, kisha kwa kejeli akampelekea aliyefungwa mkia. Mwaka wa kwanza tukaletewa mkia. Mwaka wa pili tukaletewa mkia. Wa tatu, mkia. Ikafika mikia tisa, miaka tisa, na maharage yangu wanachuo wakayatungia nyimbo ambazo siwezi kuzirudia mbele ya watoto.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Angetile, mwalimu wa hisabati, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni. Watu wa ng'ambo walimwita Kocha Mkia. Alipolisikia jina hilo alicheka, lakini mimi niliyempakulia chakula nilijua linamuuma, kwa sababu sahani ilikuwa inarudi kama ilivyokwenda. Na mwaka huo wa kumi mkuu wa chuo alimwita ofisini akamwambia bila kuzunguka: mkia wa kumi ukivuka mto, timu anapewa mtu mwingine. Mwalimu Angetile hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na ile timu.

Basi, siku tatu kabla ya mechi, golikipa wetu Gwandumi akateleza bafuni akavunjika mkono. Jamani, golikipa, kwa nini asivunjike hata pua? Wa akiba alikuwepo, lakini huyo akiuona mpira unakuja anafumba macho.

Mwalimu Angetile akazunguka chuo kizima kama mtu aliyefiwa. Akafika penye bweni jipya lililokuwa linajengwa, akasimama. Juu ya jukwaa la mbao alikuwa Fundi Kabuje, na chini wenzake walikuwa wanamrushia matofali. "Leta!" Tofali likapaa, akadaka. "Leta!" Likapaa, akadaka. Moja likaenda kombo mbali kabisa, Fundi akajinyoosha akalidaka kwa mkono mmoja, akaendelea kutafuna muwa wake. Mwalimu alikaa pale mpaka rundo likaisha, na chini halikuanguka hata tofali moja.

Hapo ndipo shetani alipompitia.

Maana sheria ya mashindano ilikuwa fupi. Anayecheza awe mwanachuo. Asiyekuwa mwanachuo ni mamluki, na kocha atakayemchezesha mamluki hatashika timu tena maisha yake yote. Mwalimu Angetile hakuhitaji kusomewa sheria hiyo. Ndiye aliyeiandika, kwa mkono wake, zamani alipokuwa katibu wa mashindano.

Fundi Kabuje alikataa. Alisema yeye aliacha shule darasa la tano, leo aitwe mwanachuo, si ataumbuka? Mwalimu akambembeleza asubuhi, akambembeleza mchana, mpaka Fundi akamwonea huruma akakubali, lakini kwa sharti. Akasema, "Mwalimu, mimi nitadaka. Kusema uongo sisemi. Mtu akiniuliza kama ni mwanachuo, nitamjibu hapana."

Mwalimu akajibu, "Sawa, Fundi. Uongo ukihitajika, nitausema mimi."

Siku ikafika. Uwanja ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa bweni. Mimi nilikuwa nimeshanoa visu na maji yako jikoni, maana mwaka huo nilijiambia, liwalo na liwe. Afisa michezo, Bi Tusekile, mama mmoja mkavu asiyecheka hovyo, akashika orodha ya majina.

Akaita, "Lutufyo." Mshambuliaji wetu akajibu, "Nipo." Akaita wa pili, "Nipo." Akaita wa tatu, "Nipo." Akaita, "Gwandumi."

Gwandumi mwenyewe alikuwa benchi, mkono una plasta, mdomo umejaa ndizi ya kuchoma. Fundi Kabuje alikuwa amesimama kwenye mstari na jezi namba moja, anatazama viatu vya kuazima.

Mwalimu Angetile akasema, "Yupo."

Neno moja tu. Na kweli alikuwepo, si pale benchi? Bi Tusekile akatia alama, akaendelea.

Sasa, kocha wa Kilimo alikuwa Bwana Shamba Mwasomola, mtu wa vituko. Kila mwaka kabla ya mechi alikuwa na desturi ya kulalamika kwamba Ikambo wana mamluki, ili tu kutuvuruga akili. Hakuwa na ushahidi wowote. Mwaka huo pia akamwendea Bi Tusekile akamnong'oneza, akanyoosha vidole viwili. Kidole kimoja kwa Lutufyo, kwa sababu alimwogopa. Kidole cha pili kwa golikipa, kwa sababu kucha zake zilikuwa na saruji.

Bi Tusekile akafikiri, akasema hiki ni chuo cha ualimu, basi hao wawili wakafundishe. Shule ya mazoezi ilikuwa pale pale jirani, na watoto wa darasa la sita walikuwa wamejaa uwanjani kutazama mpira. Wakakusanywa darasani huku wakinung'unika. Dakika kumi kwa kila mmoja. Sisi wengine tukabanana madirishani.

Akaanza Lutufyo. Huyu alikuwa mwanachuo halisi wa mwaka wa pili, kijana mwema, ila ana haya, na mbaya zaidi mama yake mzazi alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mbali, kikapu kichwani, amemwona mwanawe kupitia dirishani na anampungia mkono. Lutufyo akashika chaki, ikakatika. Akashika ya pili, ikakatika. Akashika ya tatu, akaandika "Somo", akaweka nukta mbili, ikakatika. Akasimama hapo mpaka dakika kumi zikaisha, anatiririka jasho, na zile nukta mbili ubaoni zinasubiri.

Akaingia Fundi Kabuje. Chaki hakuigusa. Akatoa kamba mfukoni, akaifunga mafundo, akawauliza watoto, "Nyumba yenu mnajuaje kama kona yake imenyooka?" Hakuna aliyejua. Akawaonyesha: upande huu mafundo matatu, upande huu manne, ukivuta kamba ya kukatiza ikapata matano barabara, kona yako iko sawa na nyumba haitakucheka. Watoto wakanyanyuka kwenye madawati. Mmoja akaomba wapime darasa lao. Wakapima. Darasa limepinda! Ilikuwa furaha ambayo sijapata kuiona shuleni tangu nizaliwe, watoto wanavuta kamba kila kona na kutangaza upogo wa serikali kwa sauti.

Bi Tusekile akatoa hukumu. Golikipa ni mwalimu, tena mwalimu hasa. Mshambuliaji ni mamluki, atoke.

Mwalimu Angetile akaapa kwamba Lutufyo ni mwanafunzi wake. Bi Tusekile akamwambia kila kocha huapa hivyo hivyo. Na Lutufyo, sikilizeni vizuri hapa, Lutufyo alijua kila kitu. Angenyoosha kidole kwa Fundi, basi, ameokoka. Akamtazama Fundi. Akamtazama kocha wake. Akavua jezi, akaikunja, akaenda kukaa nyasini.

Mama yake akamjia juu. Miaka miwili mwanawe anamuaga kwamba anakwenda chuoni, kumbe siku zote hizo alikuwa anakwenda wapi? Lutufyo akainamisha kichwa. Nilimletea mama yule uji, hakuugusa.

Mpira ukachezwa. Kilimo wakatushambulia kipindi cha kwanza, wakatushambulia kipindi cha pili, na Fundi Kabuje akadaka ya juu, akadaka ya chini, akadaka na iliyokuwa inakwenda nje. Hakupangua hata moja. Mafundi wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya goli, kila shuti wanaitikia, "Leta!" Ikaisha sifuri kwa sifuri, tukaenda penati. Sisi tukafunga moja tu, tukakosa nne, aibu tupu. Kilimo wakapiga ya kwanza, uwanja mzima ukasema "Leta!", ikadakwa. Wakapiga ya pili, "Leta!", ikadakwa. Ya tatu, ikadakwa. Ya nne, ikadakwa. Ya tano aliipiga nahodha wao, kwa hasira, mpira umekwenda kona ya juu kabisa, na Fundi akapaa akaushika, akashuka nao kifuani kama mama na mtoto.

Mimi sijui nilifikaje katikati ya uwanja. Najua tu nilikuwa nacheza ngoma na mkuu wa chuo, na mwiko wangu uko mkononi mwake. Watu walilia. Gwandumi alirusha plasta yake juu pamoja na mkono uliomo, akapiga kelele za maumivu na za furaha kwa pamoja. Mwalimu Angetile alibebwa juu juu, na watu wale wale wa ng'ambo wakampigia makofi, wakamwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Ng'ombe akaletwa, mweusi, mnene, kamba shingoni.

Na hapo, kutoka juu ya mabega ya watu, Mwalimu akamwona mama yake Lutufyo anatoka uwanjani. Kikapu kichwani, mkono mmoja umemshika mwanawe, anampeleka nyumbani. Wote tulikuwa tunaruka. Hakuna mwingine aliyeona.

Mwalimu akaomba ashushwe. Nilikuwa karibu naye, nikaona anavyomtazama yule mama, nikajua anataka kusema, nikamwombea kimoyomoyo anyamaze. Ndiyo, nilimwombea anyamaze. Nilikuwa na sufuria tano jikoni.

Akaita, "Mama, simama! Usimpeleke. Huyo ni mwanachuo, tena wa kweli. Mamluki ni golikipa. Ni fundi wa bweni lile. Nilimwingiza mimi, na aliyejibu 'Yupo' ni mimi. Kijana wako alijua, akakubali kuaibika mbele yako kuliko kutuumbua."

Tukamsikia hata ng'ombe anacheua.

Mama yake Lutufyo akateremsha kikapu. Akamtazama mwanawe muda mrefu, kisha akamkumbatia pale pale njiani, akilia na kumkemea kwa nini hakusema.

Mwalimu Angetile akavua filimbi shingoni, akamkabidhi Bi Tusekile. Hakudai kitu. Lakini wengine wakadai.

Bwana Shamba Mwasomola akasema ng'ombe ni wake, sheria imeandikwa na aliyeivunja ndiye aliyeiandika, na yeye alionya mapema. Akaulizwa alijuaje. Akajikuna kichwa, akakiri hakujua, alizusha tu kama kila mwaka. Lakini akasema timu yake ilicheza kwa haki, wachezaji kumi na mmoja, wanachuo kumi na mmoja, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga.

Fundi Kabuje akasema, "Bi Afisa, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nimeambiwa nifundishe, nimefundisha. Nimeambiwa nidake, nimedaka. Nimekosa wapi?"

Mama yake Lutufyo akasema mwanawe ndiye pekee aliyefuata sheria, na ndiye pekee aliyeadhibiwa. Kama hapa kuna haki, basi ng'ombe anakwenda naye nyumbani.

Na sisi wa Ikambo tukapiga kelele kwamba ng'ombe ni wa Mwalimu Angetile, kwa sababu kweli ile hakuna aliyemlazimisha kuisema. Wengine, tena wa Ikambo hao hao, wakasema mtu hasifiwi kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe.

Bi Tusekile akasimama katikati yetu. Mkono wa kulia ameshika kamba ya ng'ombe, mkono wa kushoto filimbi. Akasema, "Mimi niliyepaswa kukagua ndiye niliyemfukuza mwanachuo na kumpitisha fundi. Sithubutu kuamua peke yangu. Semeni ninyi."

Nami ndivyo ninavyowaambia ninyi, msitazamane. Kwa haki kabisa, ile kamba apewe nani? Na ile filimbi, je, arudishiwe mwenyewe?