Mlango wa Fundi Grisi

Waliosema mganga hajigangi hawakuwahi kuuona mlango wa gereji, lakini mwenye gereji walimjua vizuri. Walijua kwamba mtu anaweza kuwa na dawa za watu wote mkobani mwake, na bado akalala na homa yake mwenyewe. Si kwa ujinga. Jicho huona vyote ila halijioni, na mganga naye huhitaji mganga. Asiyesadiki na asikilize yaliyomkuta Fundi Grisi.

Fundi Grisi alikuwa bingwa wa milango ya gereji, ile ya chuma inayopanda kwenye reli na kulala chini ya dari. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuondoka kwa mtu bila kuhubiri. "Mlango ni kama jino," alikuwa akisema huku akifuta mikono. "Ukingoja liume, umechelewa." Kisha alieleza: magurudumu yapakwe grisi, reli zifutwe vumbi, nati zikazwe, waya zikaguliwe kama zimeanza kuchanika. Na springi, ile inayobeba uzito wote wa mlango, isiguswe na asiyejua kazi. Ubavuni mwa gari lake aliandikisha kwa herufi kubwa: MLANGO WAKO NI HESHIMA YAKO.

Nyumbani kwake, heshima hiyo ilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mlango wa gereji yake ulilia kila ulipopanda na kila uliposhuka. Ulianza kuinama upande wa kushoto, halafu ukawa haupandi mpaka upigwe teke pale chini. Mwishowe ukawa haukai juu, na ikabidi uegemezewe mpini wa ufagio. Lau angeuona mpini huo kwa mteja, angemsomea somo hadi jioni. Kwake aliuzoea kama mtu anavyozoea kikohozi chake.

Aliyeumia ni mkewe. Watu walimwita Mama Viti kwa sababu alikodisha viti, meza na mahema kwa wenye shughuli, na mali yake yote ilikaa humo gerejini, ambamo hamkuwa na mlango mwingine.

"Fundi, mlango unalia," alikuwa akimwambia.

"Jumamosi, mke wangu. Jumamosi hii hii."

Jumamosi ilifika ikamkuta juu ya ngazi ya mtu mwingine. Mama Viti hakuwa mgomvi. Alichukua ufagio wake akaendelea na maisha.

Siku moja Mama Viti akapata kazi aliyoiota kwa muda mrefu. Shule kubwa ya pale mjini ilimpa mahafali yake, na mwalimu mkuu akamwambia wazi kwamba akifanya vizuri, shughuli zote za shule zitakuwa zake. Jioni ya kuamkia mahafali hayo, Fundi Grisi aliamua kumsaidia mkewe kwa kuacha gari lake libebe viti. Alishusha kila kitu kilichokuwamo: sanduku la vifaa, springi za akiba, ngazi, hadi jeki. Akavipanga vyote gerejini, akautoa ule mpini na kuuteremsha mlango.

Mlio uliotoka ulikuwa kama wa chungu kilichopasuka. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Springi ilikuwa imekatika. Mlango ulishuka upande mmoja, ukakwama umepinda, ukabakiza mwanya wa kupitisha paka tu.

Mama Viti alitoka jikoni. Aliutazama mlango, akamtazama mumewe.

"Basi utengeneze. Vifaa viko wapi?"

Fundi Grisi alinyoosha kidole taratibu kuelekea mlangoni.

Mama Viti alicheka kwanza, kicheko cha mtu asiyeamini masikio yake. Kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza na kicheko kikaisha. "Nilisimama mbele ya mwalimu mkuu," alisema kwa sauti ya chini, "nikamwambia, kwetu kitu hakiharibiki, mume wangu ni fundi. Kesho nitamwambia nini?"

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko matusi. Jirani yao, mzee mstaafu, alileta jeki ya gari lake dogo. Wakaiingiza kwenye mwanya. Upande mmoja ukainuka, wa pili ukang'ang'ania, na waya wa upande huo ukaanza kukatika uzi mmoja mmoja. Fundi akaishusha jeki mwenyewe.

"Tuite vijana wa mtaa wauinue kwa nguvu," mzee alishauri.

"Yule mteja wako wa duka la dawa alipotaka kufanya hivyo, ulimwambia nini?" Mama Viti alimuuliza mumewe.

Fundi alikuna kichwa. "Nilimwambia atazika mtu."

"Basi hapa hatuziki."

Alibaki mtu mmoja tu mwenye vifaa vya kazi ile, naye ni Dada Koleo. Mama huyu aliwahi kufanya kazi na Fundi Grisi, akaondoka akafungua karakana yake, na tangu hapo Fundi Grisi alimwita mbabaishaji kila alipopata msikilizaji. Asubuhi ilimbidi ameze mate machungu na kwenda kubisha hodi pale karakanani.

"Nimekuja kuazima jeki mbili ndefu na vyuma vya kukazia springi," alisema, macho yakiwa kwenye sakafu.

"Vifaa siazimi, kaka," Dada Koleo alijibu. "Kifaa huenda na fundi wake. Si maneno yako hayo?"

Yalikuwa maneno yake. Hivyo kifaa kikaenda na fundi wake.

Dada Koleo hakufanya papara. Aliweka jeki kila upande, akawa anainua kidogo huku, kidogo kule, akikingia magogo, mpaka nafasi ikatosha mtu kupita kwa tumbo. Alipoingia, aliubana mlango usirudi chini, akapanda ngazi kufunga springi mpya. Fundi Grisi alishika ngazi na kumpa spana, kazi aliyokuwa akiwapa wanaoanza.

"Mlango huu ulipakwa grisi mara ya mwisho lini?" Dada Koleo aliuliza kutoka juu. Ni swali ambalo kila fundi humuuliza kila mteja.

"Hivi karibuni," alijibu Fundi Grisi. Ni uongo ambao kila mteja humjibu kila fundi.

"Tangu tuhamie hapa, haujapakwa," alisema Mama Viti, aliyekuwa tayari akipitisha viti chini yao.

Dada Koleo aliangua kicheko hadi ngazi ikatikisika, na Fundi Grisi, kwa aibu na kwa nafuu, akacheka pia.

Viti vilifika shuleni wageni wakiwa getini. Mahema yalichelewa, na wazazi wa safu za mbele wakapigwa na jua wakati wa nyimbo za kwanza. Mwalimu mkuu hakulaumu wala hakusifu. Alisema tu, "Mama, muhula ujao nitakupa kikao cha wazazi. Nikuone." Mama Viti alilipokea hilo kwa mikono miwili, akijua mlango wa riziki umebaki wazi kidogo, kama ule wa gereji.

Jioni Fundi Grisi alijitia moyo, akaenda nyumbani kwa Dada Koleo kurudisha spana iliyosahauliwa, na pia kuomba radhi kwa lile neno la ubabaishaji. Alimkuta akifungua gereji yake. Mlango ule ulilia, ukapinda kushoto, ukagoma. Dada Koleo akaupiga teke pale chini, ukapanda, akauegemezea ubao.

Wakatazamana.

"Jumamosi," alisema Dada Koleo haraka. "Jumamosi hii hii."

Fundi Grisi hakuhubiri. Alikwenda garini akachukua kopo la grisi na kitambaa, akavuta ngazi. Tangu siku hiyo yeye huutunza mlango wa Dada Koleo, na Dada Koleo huutunza wa kwake, na mitaa yote miwili inalala kimya. Wadaku huwauliza kwa nini kila mmoja asishughulikie wa nyumbani kwake, na Mama Viti ndiye huwajibu, akipanga viti vyake bila kugeuka: mganga hajigangi.